Vyombo Lazima Vimechi? Hebu Tuulize Historia Kwanza

Wasee, ile video ya "karibuni kwa keja yangu" mnaijua. Kamera inaingia jikoni polepole, kabati inafunguliwa, halafu unaona sahani nane nyeusi, mabakuli nane meusi, vikombe nane vyeusi, na vijiko vya rangi ya dhahabu vimelala kwa mstari kama askari wa gwaride. Kwa komenti watu wanalia: haya ndiyo maisha. Halafu mtu mwingine anaweka picha ya jikoni ya mamake shagz. Vikombe kumi, kila kimoja na sura yake. Kimoja cha kampeni ya mwanasiasa aliyeshindwa, kimoja kilikuja bure na sabuni, kimoja hakina mkono. Watu wanacheka mpaka wanatoa machozi.

Mimi sina shida na sahani nyeusi. Shida yangu ni hicho kicheko. Nani alituambia vyombo vya nyumba moja lazima vifanane kama wanafunzi wa bording? Nimekaa Silibwet karibu maisha yangu yote, majani chai mbele, majani chai nyuma, na nimegundua hili swali lina historia, na kipande kikubwa cha hiyo historia kimepitia hapa hapa Bomet na Kericho. Chuo niliacha mwaka wa pili, lakini kusoma sikuacha, kwa hivyo vumilieni kidogo.

Tuanze nyumbani. Kabla ya kikombe, Wakipsigis tulikuwa na sotet, kile kibuyu cha mursik. Kibuyu kinakaushwa, kinaoshwa, kinasuguliwa ndani kwa makaa ya mti unaoitwa senetwet, halafu maziwa yanawekwa na kufunikwa yakae siku kadhaa. Makaa ndiyo yanayoipa mursik ile rangi ya kijivu na ile harufu ya moshi. Sasa jaribu kuuambia mmea wa kibuyu ukuzalie sita za saizi moja, shingo moja, tumbo moja. Hautakusikia. Kila sotet inatoka vile ilitaka kutoka, na mwenye nyumba anazijua zake zote kwa umbo, kama vile unavyojua ng'ombe wako. Chakula nacho kilikuwa ugali mmoja katikati, kila mtu anamega kwa mkono. Sahani ya kila mtu haikuwepo. Imechi na nini?

Na bado hatujaacha kabisa. Mwanariadha wetu akirudi na medali, anapokelewa pale uwanja wa ndege Nairobi na sotet. Sijawahi kuona amepewa mursik kwa glasi ya seti.

Najua kuna mtu anasema, "Ni kwa sababu watu wa bara hawakuwa na vyombo vya maana." Sawa, basi tushuke Pwani, ambako vyombo vya maana vilijaa karne nyingi kabla ya reli kujengwa. Gedi, karibu na Watamu, James Kirkman alipoanza kuchimba mwaka 1948, udongo ulikuwa umejaa vipande vya vyombo vya China. Mambrui, kaskazini ya Malindi, kuna kaburi la mnara ambalo lilipachikwa mabakuli ya China ya enzi ya Ming. Yaani bakuli lililovuka Bahari ya Hindi, badala ya kutiwa mchuzi, linapachikwa kwenye kaburi la mtu mkubwa.

Lamu na Pate ndiko mambo yalipendeza zaidi. Matajiri wa karne ya 18 walijenga nyumba za mawe ya matumbawe zenye zidaka, vile vishimo vya mapambo vilivyochongwa ukutani safu juu ya safu, na ndani wakaweka sahani na mabakuli. Nyingine zilitobolewa nyuma zipitishwe kamba na kuning'inizwa ukutani. Baadaye, karne ya 19, viwanda vya Ulaya vilishtuka kwamba huku kuna soko, na mabakuli yenye maua ya rangi kali kutoka Maastricht, Uholanzi, yakafika Zanzibar na Pwani nzima. Sasa angalia ukuta kama huo. Hili la China, lile la Uajemi, lile la Uholanzi. Hii kubwa, ile ndogo. Utajiri wenyewe ulikuwa hapo kwa tofauti. Kila sahani ilikuwa inasema, "Sisi tunajuana na watu wa mbali." Ukuta wenye sahani hamsini za aina moja ungesema tu kwamba jahazi moja lilipita siku moja. Na chakula chenyewe kikiiva, watu walizunguka sinia moja, vile wanavyozunguka mpaka leo.

Basi hii habari ya seti ilitoka wapi? Ilitoka kiwandani, na si zamani sana. Ulaya yenyewe, kwa karne nyingi, mgeni alikuja karamuni na kisu chake mwenyewe kiunoni. Kumechi kulikuwa kwa wafalme wenye fedha halisi ya kuyeyusha. Halafu karne ya 18 akatokea jamaa wa Staffordshire, Uingereza, anaitwa Josiah Wedgwood. Alifungua kiwanda chake 1759, akatengeneza vyombo vya udongo vya rangi ya krimu, laini na vya bei nafuu kuliko kaure ya China. Mwaka 1765 alimtengenezea Malkia Charlotte seti ya chai, na baada ya hapo akapata ruhusa ya kuviita vyombo vyake Vyombo vya Malkia. Mnaona hiyo? Malkia ndiye alikuwa influensa wa kwanza wa sahani. Michoro nayo haikuhitaji tena msanii achore moja moja: Wedgwood alikuwa akipeleka vyombo Liverpool vichapwe picha, kama sisi tunavyochapa tisheti. Ukishaweza kuchapa, unaweza kurudia, na ukishaweza kurudia, unaweza kumwambia mama wa nyumbani kwamba alichonacho hakijakamilika mpaka anunue vingine kumi na moja vinavyofanana nacho.

Hapo nataka mtulie kidogo, kwa sababu kuna kitu ninachokipenda sana. Kazi maarufu zaidi ya Wedgwood ni seti aliyomtengenezea Malkia Catherine wa Urusi, ikamalizika 1774. Vipande 952. Kila kimoja kina chura mdogo wa kijani, kwa sababu kasri lenyewe lilikuwa sehemu iliyoitwa kinamasi cha vyura. Lakini picha za katikati zilikuwa mandhari tofauti za Uingereza, zaidi ya 1,200, mto huu, kasri lile, daraja lile. Kwa hivyo seti yenye heshima kuliko zote ilimechi kwa chura tu. Mengine yote yalikuwa tofauti. Wauzaji wa sahani nyeusi hawatakuambia hiyo.

Na hizo seti zilinunuliwa kwa ajili ya nini? Chai. Ndiyo maana hii hadithi lazima irudi Kericho.

Chai ilipandwa Kenya kwa mara ya kwanza 1903, Limuru. Miaka ya 1920 zikaingia kampuni kubwa Kericho, Brooke Bond na wale wa James Finlay, wakalima kwenye vilima ambavyo Wakipsigis waliondolewa. Na pamoja na chai ikaja meza ya chai. Nyumba ya meneja juu ya kilima, kitambaa cheupe, birika, kijagi cha maziwa, kikombe na kisosa, vyote ua moja. Chini kwenye laini za wafanyakazi, kikombe cha bati.

Kikombe cha bati kinastahili heshima yake, kwa hivyo nitakaa hapo kidogo. Ni chuma chembamba kilichopakwa unga wa kioo na kuchomwa kwa joto la kama nyuzi 800, ndiyo maana kinang'aa hivyo. Kikianguka hakivunjiki, kinabanduka tu kipande, na hapo kutu inaanza. Uganda kikombe kama hicho kinaitwa tumpeco, kwa jina la kiwanda kilichokuwa kikivitengeneza. Tatizo lake unalijua kama umewahi kukishika: chuma kinapitisha joto haraka, kwa hivyo mdomo wa kikombe unaungua kabla chai yenyewe haijapoa, na ukingoja chai ipoe inakuwa baridi mara moja. Kaure haikufanyii hivyo. Yaani aliyechuma chai tangu asubuhi ndiye aliyepewa kikombe kibaya zaidi cha kuinywea. Na chai bora ilikuwa imeshapakiwa kwenye masanduku iende ng'ambo.

Lakini hebu ona kitu. Vikombe vya bati vya kambi vilikuwa vinamechi. Vyote vyeupe, mdomo wa buluu, vimenunuliwa kwa jumla. Jela vinamechi. Jeshini vinamechi. Kwa hivyo kumechi peke yake hakuna maana ya uungwana. Meza ya meneja ilimechi na foleni ya wafanyakazi ilimechi. Kitu ambacho hakikuruhusiwa ni vile vya juu kuchanganyika na vile vya chini. Kwa maoni yangu hapo ndipo sheria yenyewe ilipo, na ndiyo tuliyoirithi bila kujua.

Maana tuliirithi. Kwa miaka mingi Mwafrika hakuruhusiwa kulima chai yake. Mlango ulianza kufunguka miaka ya 1950, na kiwanda cha kwanza cha wakulima wadogo, Ragati kule Nyeri, kikaanza 1957. Ikaja mamlaka ya mazao maalum 1960, ikageuka KTDA 1964, na polepole hata sisi wa Bomet tukawa na vichaka vyetu na viwanda vyetu. Na pamoja na majani ikaja bonasi, ile ya kila mwaka ambayo watu wa huku wanailalamikia kuwa iko chini kuliko ya Mlima Kenya. Bonasi ya watu wengi ilienda kwa mabati ya nyumba, karo, ng'ombe wa gredi. Na kabati la vioo.

Kama umekulia huku unalijua hilo kabati. Liko sebuleni, limefunikwa vitambaa vya kushona kwa mkono, na ndani kuna seti yenye maua ambayo wewe, mtoto wa nyumba, hujawahi kuinywea chai. Wewe una kikombe cha plastiki. Ya kabatini ni ya wageni: pasta, chifu, mwalimu mkuu. Nilikuwa nikiona ni ushamba tu, mpaka nikamuuliza kogo. Akanijibu kama mtu anayeeleza jambo rahisi. Siku ya koito, akasema, wazee wa upande ule wanakuja kuongea mambo ya kuoana. Wameketi mstari. Ukiwapa watano vikombe vizuri, na wa sita umpe kilichobanduka, umeshaongea kabla mdomo haujafunguka. Huyo wa sita ataenda nyumbani nacho hicho kikombe moyoni.

Manze, hiyo ilinifunga mdomo. Kwa kogo seti haikuwa ya kuringa. Ilikuwa njia ya kuhakikisha hakuna mgeni anayekuwa wa mwisho. Wenye kucheka jikoni za shagz hawajawahi kufikiria hivyo, na wenye kucheka seti za maua pia, nikiwemo kwenye hilo kundi siku hizo.

Lakini hapo hapo kwa boma la kogo kuna siku ambayo seti haina kazi kabisa. Ni siku ya matanga au harusi. Watu mia tatu wanakuja, na hakuna nyumba ya huku yenye sahani mia tatu. Kwa hivyo jioni ya kabla, kina mama wanafika na beseni kichwani: huyu sahani ishirini, yule vikombe thelathini, yule sufuria kubwa ya chai. Vyama vingi vya akina mama vilianza na kazi hiyo hiyo, kuchanga na kununuliana vyombo, mwezi huu nyumba hii, mwezi ujao nyumba ile, ili siku ya shida vikusanywe vyote. Sasa shughuli ikiisha, jaribu kutenganisha. Kama kila mtu amenunua sahani nyeupe zile zile sokoni, utajuaje zako?

Geuza sahani ya mamako uangalie chini. Utapata tone la rangi ya kucha, nyekundu au ya pinki. Ama herufi zimekwaruzwa na msumari. Ama msalaba wa rangi ya mafuta iliyobaki baada ya kupaka mlango. Kila nyumba ina alama yake na kina mama wanazijua zote. Mnaona vile mambo yamegeuka? Kiwanda kilifanya kazi miaka mia mbili na zaidi ili sahani zifanane, halafu mama wa Silibwet anachukua rangi ya kucha na kuzitofautisha tena, kwa sababu sahani isiyo na alama haiwezi kwenda kwa jirani na kurudi. Na zisizorudi, ndizo hizo mnazochekelea. Kile kikombe cha ajabu kabatini kilikuja na matanga ya mtu, na chako kiko kwa mtu mahali pengine. Vijiko ndio usiseme. Tangu Harry Brearley wa Sheffield apate chuma kisichoshika kutu mwaka 1913, vijiko vimekuwa rahisi na vya kudumu, na kazi yao kubwa ni kuhama.

Sasa niseme kitu ambacho hakichekeshi.

Shangazi yangu alifanya kazi ya nyumba Nairobi miaka minne kabla ya kuolewa. Nyumba nzuri, watu wa kanisa. Kabatini kulikuwa na seti kamili ya watu wanane, na waliokaa pale, pamoja na yeye, walikuwa watano. Yeye alikuwa na sahani yake ya plastiki na kikombe chake cha njano, na vilikaa chini ya sinki, kando ya sabuni. Hakuna aliyewahi kumwambia usitumie vile vingine. Alionyeshwa tu siku ya kwanza: "Hivi ni vyako." Alikuwa akipika chakula chote, akikionja na kijiko, akilisha mtoto wao mdogo kwa mkono wake, akiosha hivyo vikombe vyote vinane. Mkono wake haukuwa na shida. Mdomo wake ndio ulikuwa na shida.

Na hakuwa peke yake. Uliza dada yeyote wa kazi. Na uliza watu waliougua miaka ya tisini, kabla na hata baada ya Rais Moi kutangaza ukimwi janga la taifa Novemba 1999. Kitu cha kwanza ambacho familia nyingi zilifanya ni kumtengea mgonjwa kikombe. Virusi haviambukizwi kwa kikombe wala sahani, hilo lilishajulikana, lakini kikombe kilitengwa tu, na mgonjwa alisoma ujumbe vizuri sana. Hiyo ni ile sheria ya laini za chai imeingia ndani ya nyumba zetu wenyewe. Vya juu na vya chini visichanganyike.

Ndiyo maana nikiona jikoni inayomechi sishangilii wala sichukii. Naangalia chini ya sinki kwanza. Kuna nyumba zina sahani nane nyeusi na kikombe kimoja cha plastiki kilichojificha, na hiyo nyumba haijamechi hata kama kamera inasema imemechi. Halafu kuna jikoni ya shangazi yangu leo. Ana vikombe kumi na moja, vyote ndugu wa mama tofauti, na ukifika unachagua chochote kilicho karibu. Binti anayemsaidia na ng'ombe anakunywa kutoka hicho hicho kilichokunywewa na pasta jana.

Kama bado unataka seti, haya, nunua, pesa ni yako, lakini usikope kwa simu kwa ajili ya sahani. Ushauri wangu ni uchukue nyeupe tupu, au glasi tupu, moja moja. Seti ya maua ikivunjika kikombe kimoja, hilo ua hulipati tena, kiwanda kilishahamia ua lingine. Nyeupe ikivunjika unaenda soko la Silibwet na unarudi na nyingine kabla maji hayajachemka. Tafuta pia rangi ya kucha. Na kabla hujalipa, hesabu watu wanaokula kwa hiyo nyumba, wote, pamoja na yule anayeosha. Kama seti ni ya sita na nyinyi ni saba, chukua ya nane.